Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Ilinde na Joto kama Unavyolinda Maziwa

Ndugu mkulima, kila siku baada ya kukamua unajua la kufanya. Maziwa huyaachi juani. Unayachuja, unayatia katika mkebe safi, na mkebe unauweka ndani ya maji baridi mpaka wakati wa kuyapeleka kwenye tangi la kupozea. Hufanyi hivyo kwa sababu maziwa yameharibika. Unafanya hivyo ili yasiharibike. Yakisha kuchacha, hakuna maji baridi yawezayo kuyarudisha.

Somo la mwezi huu linahusu kitu kingine ambacho huharibiwa na joto kwa njia hiyo hiyo, nacho ni oili iliyo ndani ya giaboksi ya gari la otomatiki. Wakulima wengi huitunza sana oili ya injini, lakini hii ya giaboksi huisahau mpaka siku gari linapokataa kupanda mlima.

Wazee waliopata mashamba katika mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, walijifunza kuendesha magari ya klachi na matrekta. Walifundisha watoto wao hayo hayo. Siku hizi mambo yamebadilika. Magari mengi madogo yanayonunuliwa na wakulima wa skimu yametumika kwanza Japani, na mengi kati yao ni ya otomatiki. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini ikiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo hata gari linaloitwa "jipya" hapa kwetu huenda lina miaka 7 ya kazi. Na baada ya kuzoea barabara za lami, sasa linatiwa viazi na kupandishwa milima yetu kwenye tope.

Fikiri kazi ambayo gari hilo linafanya nyumbani kwako. Ndilo hupeleka maziwa asubuhi, huleta chakula cha ng'ombe, hupeleka mboga sokoni, na usiku wa manane ndilo hupeleka mgonjwa hospitali. Giaboksi ikifa, injini hata ikiwa nzima namna gani, gari halisogei. Tena kutengeneza giaboksi ya otomatiki si kazi ya kila fundi. Mara nyingi hununuliwa nyingine iliyotumika, na gharama yake huweza kumeza malipo ya maziwa ya miezi mingi. Basi yafaa tujue jambo hili vizuri, maana sehemu kubwa ya kinga yake ni kazi ya mikono yako mwenyewe na haihitaji fedha nyingi.

OILI HII HUFANYA KAZI GANI?

Katika gari la klachi, oili ya giaboksi ina kazi moja kubwa, yaani kulainisha meno ya gia ili yasisagane. Katika gari la otomatiki oili ina kazi nne. Kwanza, hupitisha nguvu kutoka katika injini kwenda katika gia. Pili, kwa kusukumwa na pampu, hubana na kuachia klachi ndogo zilizo ndani ili gia zibadilike zenyewe. Tatu, hulainisha. Nne, huchukua joto na kulitoa nje.

Tuieleze ile kazi ya kwanza, kwa sababu ndiko joto linakoanzia. Chukua feni mbili za umeme, uziweke mezani zikitazamana. Washa moja tu. Upepo wake utaipiga ile ya pili, nayo itaanza kuzunguka ingawa haina umeme. Sasa, mahali pa upepo weka oili, na feni zote mbili uzifungie ndani ya chombo kimoja cha mviringo. Feni ya kwanza inazungushwa na injini, na ya pili inazungusha gia. Chombo hicho mafundi hukiita konvata.

Kanuni hii ya kupitisha nguvu kwa majimaji si ngeni. Mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Kiwanda cha General Motors cha Marekani kilianza kuuza motokaa za otomatiki kwa wingi kuanzia mwaka 1939. Tangu siku hizo mpaka leo adui mkubwa wa mitambo hii amekuwa yule yule, yaani joto.

JOTO HUTOKA WAPI?

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Utaona vinapata joto. Ndivyo ilivyo ndani ya konvata. Feni ya kwanza inapozunguka kwa kasi na ya pili ikawa nyuma yake, oili iliyo kati yao huchapwa na kusuguliwa, na nguvu inayopotea hapo hugeuka kuwa joto.

Gari linapokwenda kwa mwendo wa sawasawa kwenye barabara tambarare, feni hizi mbili hukaribiana mwendo. Katika magari mengi ya miaka hii iko pia sahani inayozifunga pamoja, nalo joto huwa dogo. Lakini gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo, feni ya kwanza hukimbia na ya pili husita. Joto hupanda upesi.

Hali mbaya kuliko zote ni pale magurudumu yanapokataa kabisa kuzunguka nawe umekanyaga mafuta. Hapo nguvu yote inayoingia katika konvata huwa joto tupu. Wako mafundi wanaopima giaboksi kwa njia hiyo, wakishika breki huku wakikanyaga mafuta. Vitabu vya ufundi huwaonya kwamba jaribio hilo lisizidi sekunde 5. Sasa mfikirie mtu ambaye gari lake limegota kwenye tope karibu na mto, naye anakanyaga mafuta kwa dakika 10 huku majirani wanasukuma. Atatoka kwenye tope akishangilia, lakini giaboksi imekwisha kupata kidonda.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Katika kazi ya kawaida, oili hii hukaa kwenye joto la digrii 80 mpaka 95 za Selsiasi hivi. Mafundi wana kanuni moja ya kukadiria: kuanzia digrii 80, kila joto linapoongezeka kwa digrii 11, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Tuseme oili fulani ingedumu kilomita 160,000 kama ingekaa kwenye digrii 80 siku zote. Angalia inavyokuwa:

Digrii 80: kilomita 160,000
Digrii 91: kilomita 80,000
Digrii 102: kilomita 40,000
Digrii 113: kilomita 20,000
Digrii 124: kilomita 10,000

Hii ni hesabu ya kukadiria tu, lakini inatufundisha jambo kubwa. Tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho ni digrii 44 tu, na maisha ya oili yamepungua mara 16.

Joto likizidi, oili hubadilika rangi na kuwa ya kahawia. Hutoa utando kama gundi unaoziba vijia vyembamba. Mipira inayozuia oili isivuje hukauka na kuwa migumu. Msukumo wa oili hupungua, klachi za ndani hazibanwi sawasawa, nazo huanza kuteleza. Zikiteleza huongeza joto jingine. Ubaya huzaa ubaya. Na haya yote hutendeka bila kelele. Siku utakaposikia kelele, mara nyingi wakati wa kinga umekwisha pita.

OILI HUPOZWA NAMNA GANI?

Sasa tuurudie mkebe wa maziwa uliowekwa ndani ya maji. Joto la maziwa hupita katika bati la mkebe na kuingia katika maji. Watengenezaji wa magari wametumia njia hiyo hiyo. Katika magari mengi, ndani ya rejeta, upande wa chini au ubavuni, kuna bomba dogo la kupozea. Oili ya moto hutoka katika giaboksi kwa paipu moja, hupita ndani ya bomba hilo lililozungukwa na maji ya rejeta, kisha hurudi katika giaboksi kwa paipu ya pili. Joto la oili huingia katika maji, na maji hupozwa na upepo. Oili na maji hupitana karibu sana, lakini hayachanganyiki.

Kutokana na hayo utaona jambo ambalo ndilo shina la somo hili: rejeta ya gari la otomatiki ni ya injini, na tena ni ya giaboksi. Rejeta ikiugua, vyote viwili vinaugua.

Sisi tunaokaa nyanda za juu tuna sababu nyingine ya kuiangalia. Mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari, kama sehemu nyingi za Nyandarua, maji katika sufuria huchemka kwenye digrii 92 hivi, wala hayafiki 100 kama ya Mombasa. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kile kifuniko chenye springi, ambacho huyabana na kuongeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya digrii 20. Mpira wa kifuniko ukipasuka, au mtu akiweka kifuniko cha kubahatisha, msaada huo umepotea. Zaidi ya hayo, hewa ya juu ni nyepesi na huchukua joto kidogo kuliko hewa nzito ya pwani.

MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Safisha rejeta kwa nje. Vumbi, tope, mbegu za nyasi na wadudu hujaa katika mapezi yake membamba na kuuzuia upepo. Katika magari mengi yenye mashine ya kupoza hewa kuna rejeta nyingine ndogo mbele ya ile kubwa, na takataka hukaa kati yao. Injini ikiwa imepoa, nyunyiza maji taratibu kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Usitumie maji ya nguvu nyingi, maana mapezi hulala. Katika baridi ya Julai usizibe rejeta kwa gunia wala katoni ukidhani unalisaidia gari kupata joto.

2. Tumia maji yafaayo. Maji ya mto yana matope, na maji ya visima vingi yana chumvi. Yakipata moto huacha ukoko kama ule uuonao ndani ya birika la chai. Ukoko huo ukilivika bomba la kupozea oili, joto halipiti. Tia kulanti ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Ikiwa ni ya kuchanganya, changanya na maji yaliyosafishwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Hakikisha feni inazunguka na kifuniko ni kizima. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, kwa maana maji yatakurukia na kukuunguza.

3. Pima mzigo kwa kilo, si kwa macho. Toyota Probox ya mizigo, kwa mfano, mtengenezaji aliikubalia kilo 400 ikiwa na watu 2, na kilo 250 ikiwa na watu 5. Kilo 400 ni magunia 8 ya viazi ya kilo 50, hapana zaidi. Na gunia la lumbesa si la kilo 50, hata likihesabiwa kuwa gunia moja. Mikebe ya maziwa nayo ipime: lita 50 za maziwa ni kilo 51 na nusu hivi, kabla hujahesabu uzito wa mkebe wenyewe. Ukiwa na mzigo wa kupita kiasi, safari mbili ni rahisi kuliko giaboksi moja.

4. Panda mlima kwa gia ya chini. Usiache mkono wa gia katika D huku giaboksi inahangaika kupanda gia na kushuka kila hatua chache. Bonyeza kitufe cha O/D kama kipo, au tia katika 2, na mlima ukiwa mkali sana tia katika L. Injini itavuma zaidi, lakini feni za konvata zitakaribiana mwendo na joto litapungua. Ukisimama mlimani, lishike gari kwa breki. Usilishike kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Wakati wa kuteremka tumia pia gia ya chini ili injini izuie mwendo, wala usitie katika N kwa ajili ya kuokoa petroli. Breki zitapata moto, na pampu ya giaboksi itakuwa inasukuma oili kidogo wakati magurudumu yanakimbia.

5. Katika tope, usishindane kwa mafuta. Jaribu mara moja au mbili kwa upole. Gari likikataa, shuka. Punguza mzigo, chimba mbele ya magurudumu, tandika mawe au matawi, omba watu wasukume. Ukikosa njia, ita trekta. Usilirushe gari mbele na nyuma kwa kubadilisha D na R upesi upesi. Jembe na koleo ndani ya gari wakati wa mvua ni dawa nzuri kuliko kanyagio la mafuta.

6. Pima oili. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa. Ikizidi, huchapwa na gia na kutoa povu. Yote mawili huongeza joto. Ikiwa gari lako lina kijiti cha kupimia, lisimamishe mahali palipo sawa baada ya kuliendesha mpaka likapata moto. Katika magari mengi ya Toyota yenye kijiti, injini huachwa ikinguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu katika kila nafasi, urudi katika P, kisha chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena na kusoma alama ya HOT. Magari mengine, kama mengi ya Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu. Mengine hayana kijiti kabisa, na lazima yapimwe na fundi kutoka chini. Kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako, wala si la jirani.

7. Badilisha oili kabla haijachoka. Kwa gari la mizigo na milima, mafundi wengi hushauri kilomita 40,000 mpaka 60,000. Ikiwa umenunua gari nawe hujui historia ya oili yake, anza na hili. Kumbuka kwamba kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya konvata. Mwambie fundi apime kiasi kilichotoka na arudishe kiasi hicho hicho kwanza, kisha apime kiwango. Aina ya oili ni lazima iwe ile iliyoandikwa. Usikubali maneno ya kwamba oili zote nyekundu ni moja. Angalia hasa kama gari lako ni la CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda wa chuma mahali pa gia. Hiyo ina oili yake peke yake, na ukiitia oili ya otomatiki ya kawaida utauharibu mkanda. Probox, kwa mfano, zilianza kutumia CVT mwaka 2014, kwa hiyo magari mawili yanayofanana sura yaweza kuhitaji oili mbili mbalimbali.

KIPOZEO CHA NYONGEZA

Mkulima anayevuta trela au anayepanda milima mirefu na mzigo kila siku anaweza kuongeza kipozeo cha pili. Hiki ni kama rejeta ndogo ya oili, nacho hufungwa mbele ya rejeta kubwa mahali panapopata upepo. Njia iliyo bora ni oili ipite kwanza katika kipozeo cha ndani ya rejeta, kisha ipite katika hiki cha nyongeza, ndipo irudi katika giaboksi.

Fundi akikufungia, angalia mambo matatu. Paipu za mpira ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya giaboksi yenye moto, si za maji. Kila kiungo kikazwe kwa klipu nzuri na kisisuguane na chuma. Na oili ipimwe tena baada ya kazi, kwa sababu kipozeo kipya hujaza oili yake pia. Lakini kipozeo hiki si ruhusa ya kubeba magunia 15. Tena hakitibu giaboksi iliyokwisha kuungua, wala hakichukui mahali pa rejeta safi.

DALILI ZA HATARI

Gusa tone la oili kwa karatasi nyeupe. Oili nzuri ya otomatiki ya kawaida ni nyekundu na unaweza kuona ndani yake. Ya CVT huweza kuwa na rangi nyingine, kwa hiyo linganisha na ile mpya ya aina hiyo hiyo. Ikiwa imekuwa ya kahawia au nyeusi, nayo inanuka kama kitu kilichoungua, imepata joto kubwa. Mwonyeshe fundi anayezijua otomatiki.

Ikiwa oili imekuwa ya waridi na nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi, acha kuliendesha gari siku hiyo hiyo. Bomba la ndani ya rejeta limetoboka na maji yameingia katika giaboksi. Maji huachanisha vile vitambaa vya klachi na sahani zake. Ikigunduliwa mapema, kubadili rejeta na kuisafisha giaboksi huweza kuiokoa.

Dalili nyingine ni hizi: unatia D na gari linakawia kabla ya kuondoka, injini inavuma lakini mwendo hauongezeki, gia zinabadilika kwa kishindo, kuna oili chini ya gari mahali linapolala, au taa ya onyo ya joto la oili inawaka, kwa magari yaliyo nayo.

GARI LIKIPATA JOTO NJIANI

Ukinusa harufu ya kuungua ukiwa mlimani, au ukiiona taa ya onyo, ondoka barabarani na usimame mahali salama. Tia P na breki ya mkono. Ikiwa kipimo cha maji ya injini kiko mahali pake, usizime injini. Iache ingurume polepole, kwa sababu pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukizima, oili ya moto husimama pale pale bila kwenda kupozwa. Ngoja mpaka taa izime au harufu iishe, kisha punguza mzigo kabla ya kuendelea. Lakini ikiwa maji ya injini yenyewe yanachemka, zima injini, usifungue rejeta, ungoje ipoe.

Kwa sababu hiyo hiyo ya pampu, gari la otomatiki lililozimika halivutwi ovyo. Wakulima wengi wana trekta karibu, na ni rahisi kufunga kamba na kuondoka. Injini ikiwa imezimwa, oili haizunguki, na magurudumu yanazungusha vyuma vilivyo kavu. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. Linaloendeshwa na ya nyuma linyanyuliwe nyuma. La magurudumu manne lipakiwe juu ya lori. Kulitoa shimoni hatua chache ni jambo moja. Kulivuta kutoka shambani mpaka mjini ni jambo jingine. Tena usipoteze nguvu za majirani kulisukuma ili liwake. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa kama la klachi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma maswali haya pamoja na kila mtu anayeliendesha gari lako, pamoja na kijana unayemtuma mjini. Funika majibu kwanza.

1. Kwa nini rejeta chafu inaweza kuua giaboksi?
2. Oili ingedumu kilomita 80,000 kwenye digrii 91. Kwenye digrii 113 itadumu kilomita ngapi?
3. Probox ya otomatiki inakwenda sokoni na watu 2. Ichukue magunia mangapi ya viazi ya kilo 50?
4. Gari limegota, magurudumu hayatoki. Kukanyaga mafuta kwa dakika kadhaa kuna ubaya gani?
5. Taa ya joto la oili ya giaboksi imewaka, lakini maji ya injini hayajapata moto. Je, uzime injini?

MAJIBU

1. Kwa sababu oili ya giaboksi hupozwa na maji yaliyo ndani ya rejeta. Maji yakiwa moto sana, oili haipoi.
2. Kilomita 20,000, kwa sababu joto limepanda digrii 11 mara mbili, na kila mara maisha yamepungua kwa nusu.
3. Magunia 8, yasiwe ya lumbesa.
4. Nguvu ya injini hugeuka kuwa joto ndani ya giaboksi, na oili na klachi huungua.
5. La. Simama, tia P, iache injini ingurume ili pampu ipeleke oili kwenye kipozeo.

Wiki hii, kabla ya mvua kuanza, fanya mambo mawili tu. Fungua boneti utazame mapezi ya rejeta na mpira wa kifuniko injini ikiwa baridi. Kisha pima oili ya giaboksi, au mpelekee fundi aipime, na uandike tarehe na idadi ya kilomita katika daftari lile lile unaloandikia maziwa. Mwaka ujao hutalazimika kukisia oili ilibadilishwa lini. Utafungua daftari, nawe utajua.